Albamu Nilizosikiliza Nikiandikia Watu Digrii

Albamu ya kwanza ya indi roki niliyowahi kusikiliza mwanzo hadi mwisho, nililipwa kuisikiliza.

Ilikuwa Mei 2022, saa nne usiku, Roysambu, kwenye keja ya chini ambayo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Oda iliingia: chambua albamu yoyote ya roki iliyotoka mwaka huu, kurasa tano, iwe tayari saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nalipwa shilingi 350 kwa ukurasa. Akaunti haikuwa yangu, na mwenyewe alikuwa anakata yake kwanza. Kama hujui biashara hii, ni hivi: kuna wanafunzi Marekani na Uingereza ambao hununua kazi zao za chuo mtandaoni, na wengi wa wanaoziandika wako hapa kwetu, Nairobi, Juja, Eldoret, na blanketi mabegani. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Usiku huo nilikuwa naandika kazi ya mtu wa mwaka wa nne.

Sikujua roki. Nilikulia kwa injili, kwa mugithi wa kwenye matatu, na kwa nyimbo za kantri za mama. Nikatafuta orodha za albamu zinazosifiwa, nikachagua Ants From Up There ya Black Country, New Road kwa sababu moja tu ya kijinga: jina la bendi lilikuwa refu, na jina refu linajaza ukurasa.

Kwanza nikasoma habari zake. Bendi ya Uingereza, watu saba, wana saksofoni, fidla na piano juu ya magitaa. Albamu ilitoka tarehe 4 Februari 2022. Siku nne kabla ya hapo, mwimbaji wao Isaac Wood alitangaza kwamba anaondoka. Si baada ya ziara, si baada ya ugomvi. Siku nne kabla ya ile kazi ambayo ingewafanya wajulikane kila mahali, jamaa akasema hawezi tena.

Nikavaa hedifoni. Dakika kama ishirini za kwanza nilikuwa naandika huku nikisikiliza, kama kazi. Kisha nikaacha kuandika. Yule Wood haimbi kama mtu anayetaka umsifu. Anaimba kama mtu anayekueleza jambo kwa stendi huku gari lake linakaribia kuondoka. Sauti inatetemeka, bendi inamsubiri, halafu wote wanamwagika pamoja. Wimbo wa mwisho, Basketball Shoes, una zaidi ya dakika kumi na mbili. Kufika mwisho wake ilikuwa saa sita na nusu usiku na sikuwa na hata ukurasa mmoja.

Niliandika zile kurasa tano kwa saa tatu, na niliziandika vizuri. Mwishoni nikaweka sentensi hii: nadhani huyu mtu alijua anaondoka tangu wimbo wa kwanza, na anaimba polepole ili asifike mwisho. Nilipoisoma tena, nilijisikia vile mtu husikia akivaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Asubuhi mteja akarudisha kazi. Alitaka marekebisho. Hakuwa na shida na hoja wala mpangilio. Aliandika, kwa ufupi, kwamba ni nzuri kupita kiasi na mhadhiri angejua si yeye. Aliomba niishushe kidogo, na hasa niondoe ile sentensi ya mwisho.

Nikaiondoa. Nikaweka badala yake kwamba albamu hiyo ina mchango mkubwa katika muziki wa kisasa. Alinipa nyota tano. Jumla: shilingi 1,750, ambazo kufikia jioni zilikuwa zimeenda kwa kodi, unga na bando.

Sasa niseme kuhusu chuo, maana najua swali linakuja. Hakuna hadithi kubwa. Mwaka wa tatu, muhula wa pili, karo ilikuwa na deni, jina langu halikutokea kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, nikasimama nje ya ukumbi na kalamu mbili mfukoni. Wengine walirudi nyumbani, wakauza kitu, wakalipa, wakaendelea. Mimi nilirudi keja nikalala. Muhula uliofuata sikujisajili. Nilimwambia mama nimesitisha kidogo. “Kidogo” ikawa mwaka, kisha miwili. Kila akipiga simu aliuliza masomo yako aje, na mimi nikasema yako sawa. Kwa namna fulani haukuwa uongo. Nilikuwa na masomo mengi kuliko wakati wowote: uuguzi, sheria, historia ya Roma. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja lililokuwa na jina langu.

Basi roki ikawa siri yangu ya pili. Jirani mmoja, msee wa kuuza viatu, alikuwa akisikia magitaa kupitia ukuta na kuniuliza kama nimeokoka au nimepotea. “Hiyo ni muziki ya wazungu,” aliniambia siku moja tukichota maji. Sikuwa na jibu siku hiyo. Leo ninalo, na ni refu.

Gitaa si la mzungu peke yake, na sisi Wakenya ndio wa mwisho kusema hivyo. Msikilize mpigaji wa benga anavyolikimbiza gitaa la mbele, kisha usikilize Vampire Weekend, wale vijana wa New York, kwenye albamu yao ya kwanza ya 2008. Kuna wimbo mle ndani uliobeba jina la kwassa kwassa, dansi ya Kongo, na magitaa yanacheka vilevile. Albamu yao ya 2024, Only God Was Above Us, nimeipenda zaidi kwa sababu wameacha usafi. Sauti zimechafuliwa makusudi, ngoma zinapasuka, kama mtu amewasha redio nzuri ndani ya gereji. Lakini ukitaka kuona gitaa likivuka bahari pande zote mbili, tafuta Extra Golden. Mmarekani mmoja, Ian Eagleson, alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga. Yeye na mwenzake Alex Minoff wakaunda bendi na wanamuziki wa hapa, akiwemo Otieno Jagwasi. Jagwasi alifariki 2005, albamu ya kwanza ikatoka 2006 chini ya Thrill Jockey, lebo ya Chicago inayojulikana kwa roki ya aina hii hii. Mwaka huo walihitaji viza za kwenda kupiga Chicago, na ofisi ya seneta mmoja wa Illinois ikawasaidia. Wakamtungia wimbo wa kumshukuru. Wimbo unaitwa Obama, na wakati huo hakuwa hata mgombea wa urais. Kwa hivyo jirani yangu wa viatu, popote ulipo: muziki huu umewahi kupita kwetu, ukala ugali, ukaondoka.

Turudi kwa kazi. Mwaka 2023 oda zilianza kupungua, na kila mtu kwenye biashara hii anajua kwa nini. Mashine ilikuwa imejifunza kuandika sentensi kama ile niliyoweka baada ya kufuta yangu. Mchango mkubwa katika muziki wa kisasa. Hiyo mashine inaiandika bure, tena kwa sekunde tatu. Kutoka oda kumi kwa wiki nikafika nne, kisha mbili. Mwenye akaunti akaacha kujibu ujumbe. Nikahama Roysambu, nikaenda Githurai, nikakaa kwa binamu yangu, nikilala kwenye godoro ambalo mchana lilisimamishwa ukutani.

Ni wakati huo, Machi 2024, Cindy Lee alipotoa Diamond Jubilee. Cindy Lee ni Patrick Flegel, Mkanada aliyekuwa kwenye bendi iliyoitwa Women. Albamu ina nyimbo 32, saa mbili na ushee. Mwanzoni haikuwekwa kwenye programu zozote za kulipia kwa mwezi. Ilikuwa kwenye YouTube, video moja ndefu, na kwenye tovuti moja ya sura ya kizamani ambapo ungeweza kuipakua na kuombwa utoe dola 30 za Kanada kama unazo. Sikuwa nazo. Lakini nilikuwa na bando la usiku, lile la bei ya chini linaloanza watu wakilala, na muda nilikuwa nao wa kutupa.

Maoni yangu: hii ndiyo albamu bora ya miaka hii, na sitabishana. Inasikika kama redio ya jirani wa tatu, betri zimechoka, stesheni haijashika vizuri, na bado unagundua kwamba wimbo unaopigwa huko ndani ni mtamu kuliko vyote ulivyowahi kusikia. Watu husema ni ndefu. Kweli ni ndefu. Nilijaribu kuipunguza, nikaandika kwenye karatasi nyimbo kumi ambazo ningezitoa. Usiku uliofuata nikasikiliza tena na nne kati ya hizo zikarudi. Usiku wa tatu karatasi nikaitupa. Kuna muziki ambao haujali kama una haraka. Mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote, na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikuniuma.

Nisiwe mtu wa kusifu tu. Agosti mwaka huohuo Fontaines D.C. wa Dublin walitoa Romance, na kila niliyemfuata mtandaoni akapagawa. Mimi hapana. Inang'aa, imepangwa vizuri, ni kubwa kama uwanja wa mpira. Lakini mimi ni mtu wa Dogrel, ile yao ya 2019, ambapo Grian Chatten anaongea zaidi ya anavyoimba na unasikia mji wake kwenye meno. Romance naiheshimu vile unavyomheshimu rafiki aliyehamia mtaa wa kifahari. Unamtembelea, unavua viatu mlangoni, unakalia ncha ya kiti.

Desemba 2024 nikaenda nyumbani, Nyahururu. Mama ana duka dogo na redio ambayo haizimwi. Jumapili mchana ni kantri, kama nyumba nyingi za upande ule: Don Williams, Kenny Rogers, Jim Reeves. Watu wa nje hushangaa wakisikia hivyo, lakini sisi tumelelewa na nyimbo za wakulima wa Marekani wanaolia juu ya farasi, na hatujawahi kuona ajabu. Mama huniita Baba, kwa sababu nimepewa jina la babake. Basi Jumapili moja redio ikakosa stima na akaniambia, “Baba, weka kitu kwa hiyo simu yako, duka limenyamaza sana.”

Nikaanza na Tigers Blood ya Waxahatchee, ya Machi 2024. Nilijua nitamshika hapo. Waxahatchee ni Katie Crutchfield wa Alabama, na jina hilo amelitoa kwa kijito cha kwao. Sauti yake ina vumbi la barabara, na kuna banjo, na kuna wimbo mmoja anaoimba na kijana wa North Carolina ambao nadhani hata Don Williams angeomba auimbe. Mama akatikisa kichwa akipima sukari. “Huyu amelelewa vizuri,” akasema. Kwake hiyo ni sifa ya juu kabisa.

Kisha nikaweka yule kijana mwenyewe. MJ Lenderman, Manning Fireworks, Septemba 2024. Kabla ya muziki kumlipa aliwahi kufanya kazi kwenye duka la aiskrimu. Nyimbo zake zimejaa wanaume walioshindwa kwa mambo madogo madogo: wanajigamba, wanaachwa, wanabaki ndani ya nyumba na vitu vyao. Anawaimba bila huruma na bila kuwacheka, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Na nyuma yake kuna lile gitaa la kulazwa, la kantri, linalolia kama mtu anayejuta.

Mama alisikiliza nyimbo tatu bila neno. Kisha akauliza, “Huyu naye shida yake ni nini?”

“Hana mpango, mama.”

“Hana kazi?”

“Anazo ndogo ndogo.”

“Ameoa?”

“Ameachwa.”

Akafunga pakiti ya sukari, akaiweka kwenye rafu, akapangusa kaunta. “Na wewe, Baba? Chuo uliacha lini?”

Sijui alijua kwa muda gani. Nilianza kusema nimesitisha, neno likakwama. Nikamwambia mwaka. Nikamwambia mwezi. Nikamwambia kuhusu orodha, kalamu mbili, na kwamba pesa alizokuwa anatuma kwa muhula uliofuata nilizila kodi. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe. Alikuwa ameuza ng'ombe. Si wote, mmoja. Lakini alikuwa na wawili.

Hakupiga kelele. Mteja aliingia akitaka mkate, akauziwa mkate, akarudishiwa chenji. Muziki ulikuwa unaendelea muda wote huo, maana hakuna aliyekumbuka kuuzima, na ulikuwa umefika wimbo wa mwisho wa Lenderman. Huo wimbo una dakika kumi hivi, na sehemu kubwa ya mwisho hakuna mashairi wala ngoma, ni mlio tu wa magitaa unaovuma na kuvuma. Tulikaa ndani ya mlio huo, mimi kwenye kreti ya soda, yeye kwenye stuli yake.

“Simu yako imeharibika,” akasema hatimaye.

“Hapana, mama. Ndivyo wimbo unavyoisha.”

“Sasa hiyo si kuisha,” akasema. “Hiyo ni kukataa kutoka.” Akaenda nyuma kuwasha jiko.

Nimesoma makala mengi kuhusu albamu hiyo. Sijaona aliyesema vizuri kuliko mama.

Mwaka 2025 nilianza kuandika kwa jina langu. Pesa ni kidogo na zinachelewa, nisikudanganye. Nimekuwa nikimrudishia mama deni la ng'ombe kwa vipande, na yeye huandika kwenye kitabu cha duka, ukurasa wa wanaokopa unga, chini ya jina la babake.

Albamu ya mwisho ya kutaja ni Getting Killed ya Geese, ya Septemba 2025. Vijana wa Brooklyn, umri wangu au chini. Walianza wakiwa sekondari, na mpango ulikuwa kuvunja bendi wakimaliza shule, kila mtu aende chuo chake. Kampuni za muziki zikawataka kabla ya hapo, chuo kikasubiri. Kila mwandishi hupenda kisa hicho. Mimi kilinikera kabla hata sijabonyeza kitu. Kukosa chuo kwa sababu mlango mkubwa zaidi umefunguka si sawa na kukosa chuo kwa sababu umesimama nje ya mlango. Sisi wa aina ya pili hatuitwi majasiri. Tunaitwa kwenye mikutano ya familia.

Nilitaka kuichukia basi. Nilishindwa kufikia wimbo wa pili. Sauti ya Cameron Winter ni ya mlevi anayesoma tangazo la kanisa: inayumba, inateleza, halafu ghafla inasimama wima na kukuvunja moyo. Max Bassin anapiga ngoma kana kwamba zinamdai. Kuna nyakati bendi nzima inasikika imepotea njia, na kila mmoja anaamini mwenzake anaijua. Malalamiko yangu ni kwamba wakati mwingine Winter hujificha nyuma ya mzaha, hata pale ambapo ameshakufikia na hahitaji mzaha. Lakini nimeisikiliza sana. Wivu huwa hauzuii masikio.

Juzi nilirudi kwa Black Country, New Road. Waliobaki sita waliendelea na jina lilelile, wakakataa kupiga nyimbo za zamani bila Wood, wakaandika mpya kabisa. Walizirekodi mbele ya watu London mwishoni mwa 2022, na Aprili 2025 wakatoa Forever Howlong, ambayo wanawake watatu wa bendi wanagawana uimbaji. Ni albamu nzuri, yenye hewa, kama nyumba iliyohamishwa samani. Nikaisikiliza yote. Kisha nikaweka ile ya kwanza, ile ya Roysambu, nione kama sentensi yangu bado inasimama.

Haisimami. Sasa nasikia kitu kingine. Albamu ilirekodiwa miezi kabla ya tangazo, na sioni tena mtu anayejua anaondoka. Nasikia mtu anayejaribu kwa nguvu zote kubaki. Anaimba polepole kwa sababu kila neno ni zito, basi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeondoka mahali usiku ule, na nikampa yeye safari yangu.

Kwa hivyo mteja wangu, ambaye sasa pengine una digrii yako ukutani: ulifanya vizuri kuniambia niiondoe. Ilikuwa imekosea. Lakini ilikuwa yangu, na marekebisho ningeyafanya mwenyewe.